Sipi mara mbili: kaskazi moja, masika moja

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Utotoni mlima niliokuwa nikiujua ni kile kilima cha Mazeras, ambacho gari la bara hukipanda likikohoa kidogo, basi. Mume wangu alinileta Malaba, upande wa Uganda, miaka kumi na minne iliyopita. Yeye ni wakala wa forodha. Mimi nina mgahawa wa pilau na chai, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zipite. Asubuhi iliyofuata mvua, nikisimama nyuma ya jiko, naona Mlima Elgon upande wa kaskazini, mpana, umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Miaka kumi na minne nimeutazama huku nikikata vitunguu. Sikuwahi kuukanyaga.

Si mimi peke yangu. Watu wa Kampala wakipata siku mbili tatu huteremka Jinja kwenye mto. Wenye fedha huenda Bwindi kuona gorila. Wanaotaka mlima hutajiwa Rwenzori kwa sababu ya theluji. Elgon husikika kwenye taarifa ya habari tu, na mara nyingi habari yenyewe si nzuri.

Basi tukakubaliana na Baba Swabra twende Sipi, kwenye maporomoko ya ubavuni mwa Elgon, mara mbili, kila mara kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, kwa sababu mgahawa haufungwi siku nne. Mara moja wakati wa kiangazi, mara moja wakati wa mvua. Wazo la mvua lilikuwa langu, na kila aliyelisikia alinionea huruma. Haya niliyaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la madeni.

IJUMAA, JANUARI

Tumeondoka baada ya swala ya Ijumaa. Probox imejaa: sisi wawili, Swabra wa miaka kumi na mmoja, mablanketi mawili niliyochekwa kwa ajili yake, na dele langu la kahawa. Bila dele mimi silali ugenini.

Tororo tumeipita na jiwe lake. Mbale tumemchukua Idi, mtoto wa kaka yangu, anayesomea ualimu wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, kile kilichofunguliwa 1988.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Hajakonda, lakini shangazi lazima aseme. Kijana ana ugonjwa wa kufundisha. Kabla hatujatoka mjini ameshatuonyesha Wanale, ule mwamba uliosimama nyuma ya Mbale kama ukuta wa ngome, akatuambia ni ubavu wa Elgon. Kwamba huu mlima ni volkano iliyozimika, mzee kuliko Kilimanjaro kwa mamilioni ya miaka. Kwamba kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi. "Ndiyo maana ukiwa Malaba hauoni urefu wake, shangazi. Umekaa mkao wa kula." Swabra amecheka mpaka Sironko.

Baada ya Muyembe nyika inakwisha ghafla na barabara inaanza kukwea. Kona juu ya kona. Lami ni nzuri, tatizo ni macho: upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Mimi nimesoma Ayatul Kursiy kimyakimya, Baba Swabra ameshika usukani kwa mikono miwili, jambo ambalo sijaliona tangu anioe. Nilitegemea kuona nchi nzima kutoka huku juu. Nimeona ukungu wa rangi ya majivu. Januari watu wa nyikani wanachoma majani, vumbi nalo limepanda, na Uganda yote chini yetu imefunikwa kama sufuria.

Tumefikia nyumba ya wageni ya bibi mmoja, juu kidogo ya Sipi, vyumba vinne na migomba mingi. Kwetu mwezi huu ni kaskazi, mtu analala na kanga moja na bado anajipepea. Hapa, saa mbili usiku, Swabra ameomba blanketi la pili. Hakuna aliyenicheka tena.

JUMAMOSI

Kijana wa kutuongoza anaitwa Job, Msabiny wa hapahapa, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kitale, upande wa Kenya. Nikamuuliza amekipata wapi. "Mama, hapa hata kuku wanajua Kiswahili." Ni kweli kiasi. Kampala ukifungua mdomo kwa Kiswahili watu wanakutazama viatu, waone kama ni buti za jeshi. Serikali ilipitisha Julai 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini hofu ya watu haifutwi na kikao cha mawaziri. Huku Sebei, nchi ya Wasabiny, mambo ni mengine: soko lao kubwa lilikuwa Kitale, na lugha ya soko ndiyo iliyopanda mlima na magunia.

Maporomoko ya Sipi ni matatu, ya mto mmoja, yamepangana kama ngazi. Lile kubwa, la chini kabisa, lina mita 100 hivi. Job anatutembeza kutoka chini kwenda juu, muda wa saa nne pamoja na vituo vyangu vya kupumua. Njia inapita katikati ya mashamba ya watu: kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, mbuzi chini ya kila kitu. Udongo ni mwekundu na mkavu, unga mtupu, na tulipofika chini ya poromoko kubwa miguu ya Swabra ilikuwa na soksi za vumbi.

Poromoko lenyewe, kusema kweli, lilikuwa limepungua. Maji yanaruka kutoka juu ya mwamba, upepo unayachukua katikati ya safari na kuyatawanya, yanafika chini yakiwa manyunyu. Zuri kama shela ya bi harusi, lakini shela nyepesi. Wageni wawili walikuwa wanashuka kwa kamba pembeni yake, kutoka juu kabisa. Swabra akaomba na yeye. Babake akajifanya hakusikia.

Kando ya maji Job akatuonyesha mmea unaofanana na mgomba, ila hauzai ndizi za kula. Wenyeji wanauita sep, wanautumia kwa dawa, na ndio uliouzalia mto jina la Sipi. Poromoko lingine lina pango nyuma yake. Tumeingia, tukakaa kwenye mwamba mkavu tukiyatazama maji kutoka mgongoni. Idi akaanza somo la lava na majivu. Job akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Babu zetu walikuwa wanalaza ng'ombe kwenye mapango kama haya, wezi wakija." Idi akanyamaza, akaandika.

Kilichonikaa zaidi siku hii ni kahawa. Msimu ulikuwa ukingoni, na kila uani kulikuwa na turubai au chanja la waya lenye buni inakauka. Mama mmoja ametuonyesha kazi yote: tunda jekundu linamenywa kwa mashine ya mkono, mbegu zinalala majini mpaka utelezi utoke, zinaoshwa, zinaanikwa, zinageuzwageuzwa kama mpunga. Kilo sita hivi za matunda, mkononi mwako inabaki kilo moja ya buni safi. Anauza ikiwa bado na ganda lake.

"Na nyie mnakunywa ipi?" nikamuuliza.

"Sisi tunakunywa chai."

Nilidhani anatania.

Jioni Job akatupeleka ukingoni mwa jabali, mahali ambapo, alisema, unaiona nyika yote mpaka Karamoja. Tukasimama. Jua lilikuwa chungwa lililotumbukia kwenye maji ya mchele. "Pale ni Mlima Kadam," akasema akionyesha. Baba Swabra akakunja macho. "Wapi?" "Pale." "Naona moshi." "Kadam iko nyuma ya moshi." Mume wangu ni mtu wa forodha, mzigo asiouona haugongei mhuri. Akarudi kwenye gari amenuna.

JUMAPILI

Asubuhi Kapkwai, lango la hifadhi ya taifa, mwendo mfupi kutoka Sipi kwa njia ya vumbi. Mnalipa, mnapewa askari wa wanyamapori, mnachagua mzunguko wa kilomita tatu, tano au saba. Tumechukua ule wa tano unaopita poromoko la Chebonet. Msitu mkubwa, mbega weusi wenye mashuka meupe mgongoni wakiruka juu yetu, na kimya ambacho mtu wa mpakani kinamwasha masikio.

Idi alitaka kujua habari za kilele. Wagagai ni mita 4,321, akajibiwa, na si kazi ya Jumamosi na Jumapili. Wengi huchukua siku nne hivi kwenda na kurudi, wakilala kambini, na usiku huko juu maji yanaganda. Kule kuna bonde la shimo la volkano, upana wake kama kilomita nane. Swabra akauliza kama kuna mtu anaishi ndani. Hapana. Saa saba tulikuwa njiani, saa kumi na mbili nilikuwa nachambua mchele Malaba.

KATIKATI

Februari na Machi zilipita kwa kazi. Kila mgeni aliyesikia tulikoenda aliuliza swali moja: mliona? Nilikuwa najibu ndiyo, tuliona moshi.

Kisha mvua zikaanza, na shemeji yangu akapiga simu makusudi kunikumbusha Bududa. Sihitaji kukumbushwa. Machi 1, 2010 kijiji cha Nametsi, hukohuko Bududa, kilifunikwa na udongo, na nilikuwa mgeni nchini bado nilipoanza kuelewa watu wanamaanisha nini wanaposema mlima umeshuka. Novemba 2024 ikawa Bulambuli. Idi anaeleza vizuri kuliko redio: udongo wa volkano ni mzito na wenye kina, unakunywa maji kama sponji, miteremko ni mikali, miti iliyokuwa ikiushika imekatwa kwa sababu watu ni wengi na ardhi ni ileile. Siku moja unashindwa kubeba. Nikampigia bibi wa Sipi. Akasema kwake ni juu ya mwamba, si mteremko wa udongo, lakini "msisafiri usiku, na mkikuta mvua Muyembe, msubiri." Masharti yake nimeyaandika kwenye ukurasa wa mbele.

IJUMAA, APRILI

Tumekuta mvua Muyembe, tukasubiri. Saa nzima ndani ya kibanda cha mama muuza chapati, mimi nikimkosoa moyoni jinsi anavyosukuma. Hapa ndipo wilaya ya Bulambuli. Mama yule alinyoosha kidole kwenye mlima, kwenye makovu mekundu juu ya kijani, akasema watu wa kule wengine wamehamishwa, wengine wamerudi kwa sababu shamba ndilo linalowalisha. Hakuendelea, nami sikuchokoza.

Mvua ilipokatika tukapanda. Wallahi sikuijua barabara. Kila mahali ambapo Januari palikuwa na mwamba mtupu sasa pana maji yanashuka, nyuzi nyeupe kumi, ishirini, nyingine zinamwagika hadi kwenye mtaro wa barabara. Mawingu yalikuwa chini yetu, kisha yakawa ni sisi. Baba Swabra aliendesha ametoa kichwa dirishani. Kona tatu za mwisho tumezipita kwa kumfuata bodaboda aliyewasha taa na kubeba godoro.

Bibi alitupokea kwa moto wa kuni. "Mmerudi wakati wa matope? Nyie si watalii, ni ndugu."

JUMAMOSI

Mpango ulikuwa pango la Tutum, ndani zaidi ya hifadhi. Saa kumi na moja alfajiri mvua. Saa moja mvua. Saa tatu Job akaja amejifunika gunia la plastiki, akasema njia ya kule leo ni mto. Sikusikitika sana. Watu wa pwani tunajua kukaa ndani masika.

Jikoni kwa bibi tulikuwa tisa. Bibi, wajukuu wake wawili, jirani mmoja aliyekuja kuomba moto akasahau kuondoka, Job, na sisi wanne. Viazi mviringo vinachemka, mahindi ya kuchoma hakuna kwa sababu huku mahindi ndiyo kwanza yanapaliliwa. Nikatoa dele.

Bibi akalitazama. "Hiyo ni ya nini?"

"Ya kahawa, bibi."

"Kahawa mnainywa na birika la dhahabu?"

Nikamwambia ni shaba tu. Akatoa buni kutoka kwenye gunia chini ya kitanda, ile aliyoiweka ya mbegu na ya dharura. Mjukuu akatwanga kwenye kinu ganda likatoka, tukapepeta kwa ungo, nikakaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma nikigeuza bila kupumzika, mpaka ikapasuka na moshi ukajaa. Jirani akasema inanuka kama shamba linaungua. Tukatwanga tena. Kisha dele, maji, tangawizi, iliki niliyokuja nayo, na uvumilivu. Kwetu wauza kahawa hupita mitaani wakigonga vikombe. Mimi nikagonga viwili vya bibi mpaka akanikemea nisije nikavivunja.

Kahawa tungu, bila sukari, kwenye vikombe vidogo. Bibi amelima zao hili tangu akiwa msichana. Akanywa funda moja. Akakaa. Akanywa la pili. "Hiki ndicho wazungu wanachokifuata?"

"Hicho, bibi."

"Basi wana shida zao."

Jikoni kulilipuka kicheko. Lakini alimaliza kikombe, akaomba kingine, akatia sukari vijiko vitatu. Haluwa yangu ilikwisha kabla sijaizungushia wote. Job alirudia mara mbili akidhani sioni.

Nimejifunza mengi asubuhi hiyo kuliko Januari nzima. Januari tulikuwa barabarani tunakimbizana na maporomoko. Kila mtu tuliyemsalimu alikuwa na jembe au kikapu, anapita. Mvua imewafunga wote ndani nasi. Jirani yule ana dada ameolewa Bukwo, ndani zaidi, karibu na mpaka. Alisema kabla barabara ya Kapchorwa hadi Suam haijatiwa lami, kilomita 73, mvua ikinyesha Bukwo ilikuwa kisiwa. Mtu wa Uganda akitaka kwenda Mbale, iliyo Uganda, alivuka kuingia Kenya, akapita Kitale, akazunguka, akaingia Uganda tena. Nikashtuka. Kumbe ndio wale! Miaka ile nilikuwa na wateja wanaokunywa chai kwangu wakisema wanatoka Uganda wanakwenda Uganda, nami nikidhani wamelewa.

Alasiri mvua ikapumzika. Tukatoka na Swabra tukipita mashambani, na harufu ikanisimamisha. Nikatafuta asumini kwa macho, kama mjinga, kwenye kitongoji cha Sebei. Ilikuwa kahawa. Mibuni michache ilikuwa bado na maua, meupe, yamejipanga kwenye matawi kama yametungwa kwa uzi. Job alisema yanakuja mvua ikianza, yanakaa siku chache tu, na haya ni ya mwishomwisho. Swabra akataka kuchuma. Nikamzuia: kila ua ni tunda, na kila tunda ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Akaokota yaliyoanguka, akanitia nyweleni ndani ya mtandio.

Poromoko kubwa tumelisikia kabla ya kuliona. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, haina shela wala bi harusi. Job hakuturuhusu kufika chini. Tulisimama mbali na bado tukalowa, na Baba Swabra alikuwa anapiga kelele sikioni mwangu kitu ambacho mpaka leo hajakikumbuka.

JUMAPILI

Niliamka kuswali, nikafungua mlango kuchukua maji ya udhu, nikaona nyota. Nikawaamsha wote. Mume wangu alikuja amejifunga blanketi kama morani.

Ukingo uleule wa jabali. Kulipopambazuka hakukuwa na moshi, hakukuwa na vumbi. Mvua ilikuwa imeiosha hewa yote. Nyika ilikuwa chini yetu, kijani, imekatwakatwa vijishamba, na mabati yakianza kumeta. Kadam ilikuwa pale Job alipoonyesha Januari, bluu, ina meno, karibu kiasi kwamba Swabra aliipungia mkono. Nyuma yake zaidi, upande wa kushoto, Mlima Napak. Chini magharibi maji yaling'aa, na Job na Idi wakaanza kubishana kama ni ziwa Opeta au Bisina, kila mmoja akiapa. Baba Swabra hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Nimegonga mhuri."

Nani alitangaza kwamba mlima uendewe kiangazi? Labda ni mtu wa kupanda kilele, na huyo simbishii, kule juu matope ni hatari. Lakini kwa sisi wa siku mbili, tunaotaka kuona na kurudi, Januari nililipia moshi. Dirisha la Aprili ni dogo, ni kweli. Saa tatu mawingu yalikuwa yamerudi.

Tungeondoka saa hiyohiyo tungefika Malaba mchana. Tulikaa kula. Bibi alichinja kuku, na kuku wa bibi hakataliwi. Saa saba mvua ikaangusha yote, na saa tisa Probox ilikuwa imezama hadi ekseli kwenye njia ya kutoka kwa bibi, hatua mia mbili tu kabla ya lami. Wakaja vijana, kwanza wanne, mwishowe kumi na kitu. Wakaweka mawe, matawi, gunia la maranda. Mmoja akaniambia, "Mama shuka, wewe ni mzigo." Alikuwa anasema kweli, nikashuka. Gari likatoka saa kumi na mbili kasoro, matope yakiwa mpaka juu ya paa, na sharti la bibi nililoliandika ukurasa wa mbele lilikuwa wazi: msisafiri usiku. Nikampigia msaidizi wangu afungue jiko peke yake kesho. Nilimsikia akivuta pumzi.

JUMATATU, AMBAYO HAIKUWEMO

Tumeondoka kukiwa na mwanga mdogo, ukungu, manyunyu. Tulipoingia kwenye lami tukaona vivuli vinatujia, kimya, viwili viwili. Wakimbiaji. Kama kumi na tano, wengine watoto wakubwa kidogo tu kuliko Swabra, wanapandisha mlima ambao gari letu linaushuka kwa kuogopa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anahema mdomo wazi.

Baba Swabra akasimamisha gari kwa heshima. Yeye ni mtu wa riadha, anaweza kukutajia saa kama dua. Kwamba Uganda ilipata dhahabu ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1972 kwa John Akii-Bua, ikakaa miaka arobaini bila nyingine, mpaka Stephen Kiprotich wa Kapchorwa aliposhinda marathoni London 2012. Kwamba Joshua Cheptegei, wa hukuhuku, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 na ya mita 10,000 mwaka mmoja, 2020, ile ya pili kwa dakika 26 na sekunde 11. Kwamba Peruth Chemutai, binti wa mlima huu, ndiye mwanamke wa kwanza wa Uganda kuleta dhahabu ya Olimpiki, kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Tokyo. Swabra akauliza, "Baba, na wao wakikwama kwenye matope wanafanyaje?" Akamjibu hawana gari la kukwama.

Kona tulizishuka polepole. Muyembe jua lilikuwa kali na mama wa chapati akatupungia. Idi tukamwacha Mbale, amechelewa darasa la saa mbili, akiwa na ushahidi wa matope mpaka magotini.

Malaba nimefika saa tano. Foleni ya malori ilikuwa imevuka mgahawa, na dereva mmoja wa Dar aliniuliza kama pilau ya leo nimeikaanga kwa safari. Nilikuwa bado na ua la kahawa, limesinyaa, kwenye mtandio.

Jioni nikatafuta dele ili nijitengenezee kikombe. Nikafungua kila mfuko. Nikampigia bibi.

"Liko hapa," akasema. "Usiwe na wasiwasi, linafanya kazi vizuri. Nalipikia chai."